Mguu wa Kosa

Watu husema subira huvuta heri. Yangu ilivuta kitu kingine, na nitakieleza polepole, kwa sababu sijawahi kujua kueleza jambo mbiombio.

Mwanangu Halden alifia kwenye Mgongo wa Nguruwe, mlima ule unaouona ukisimama mlangoni pa ukumbi wa waendeshaji hapa kwetu Hadley Fork. Alikuwa juu ya pikipiki yake ya theluji, mpya, bado inanuka rangi, akiukata mlima kwa ubavu. Theluji ikajaa kwenye mabati ya kukanyagia, yale marefu ya pembeni ambayo mwendeshaji husimama juu yake. Joto la injini likaiyeyusha, baridi ikaigandisha tena, bati likawa kioo kitupu. Kiatu kikateleza. Halden na mashine wakaenda pamoja hadi chini korongoni. Odell Strand, rafiki yake, alikuwa nyuma yake na aliona yote.

Sasa, kuna neno moja lazima nilifafanue, maana ndilo lililomzika mwanangu mara ya pili. Ukiukata mlima kwa ubavu, mlima ukiwa kushoto kwako, unasimama kwenye bati la kushoto, na unaloweka pale ni mguu wa kulia. Wa kushoto unauacha nje, unaburuzika kwenye theluji. Akili yote inakukatalia. Lakini ukiweka ule ambao akili inautaka, mashine inageuza pua na kushuka na wewe. Ndiyo maana tangu baba zetu tunauita huo mguu wa kosa, na mtoto anayejifunza anapigiwa kelele siku nzima: "Mguu wa kosa mbele! We, mguu wa kosa!" Kwetu hapa, mguu wa kosa ndio mguu sahihi.

Kiwanda kilichotengeneza ile mashine kikamtuma mtu aje kuuliza. Jina lake Dexter Pruitt, kijana wa nchi ya tambarare, viatu safi. Akamuuliza Odell, "Alikuwa amesimamaje?" Odell, macho yamevimba kwa kulia, akajibu kama ambavyo yeyote kwetu angejibu: "Mguu wa kosa mbele, kama kawaida yake."

Siku ya mazishi, watu wakiwa na sahani mapajani, huyo Pruitt akasimama ukumbini kutupa pole. Akasema kiwanda kinasikitika sana, ila mashine haikuwa na tatizo. Marehemu alikosea mguu. Shahidi mwenyewe amesema.

Odell alimfuata hadi kwenye gari. "Bwana, hujanielewa. Mguu wa kosa ndio unaotakiwa. Tatizo ni lile bati, halina matundu ya kupitisha theluji."

Pruitt akacheka kidogo. "Ninyi wenyewe mmeuita kosa, rafiki. Mimi nimeongeza nini?"

Basi. Kuanzia hapo, miji yote ya bondeni, mtu akianguka vibaya walikuwa wanasema, "Amefanya Halden." Watoto shuleni walimwambia hivyo Maren, binti yake, nami ndiye niliyemlea. Alikuwa akirudi nyumbani, anakula, anatoka kwenda kufanya mazoezi na mashine kuukuu ya baba yake. Sikumkataza. Nilikuwa nampikia na kungoja. Chuki ni kama donge la unga wa mikate: ukilifunika vizuri mahali pa joto, linaumuka lenyewe.

Liliumuka hadi mwaka jana. Maren amekuwa mwanamke, anawaongoza wageni milimani, na hakuna anayemshinda kwenye ubavu wa mlima. Pruitt naye amekuwa mkuu wa wachora mashine pale kiwandani. Ikaja habari kwamba anakuja mwenyewe na mashine mpya ya milimani, akae nasi ukumbini, asikilize waendeshaji wangependa kurekebishiwa nini. Mwenyekiti wa ukumbi akaniuliza kama nitajisikia vibaya kupika siku hiyo.

"Nitapika," nikamwambia. "Tena nitapika sana."

Nikapika maharage na nyama ya kusaga, pilipili ya kutosha kumtoa mtu jasho, na mikate ya kuviringisha ya mdalasini, ile ambayo kwetu haiachani na maharage. Asubuhi Pruitt alizunguka na mashine yake uwanjani, akakata theluji laini huku na huku, akaiegesha mbele ya dirisha la jiko langu ikifuka mvuke. Nilikuwa naosha sufuria. Nikayatazama yale mabati. Hayana matundu. Laini, mazuri, yamejaa theluji iliyoanza kulowa.

Ukumbini watu walikuwa wameshaanza.

"Kitufe cha kuwashia," alisema mwenye duka la matairi. "Kikikataa baridi ya kweli, mnipe kamba ya kuvuta, hata kama ni ya dharura. Sitaki kulala na dubu."

"Dubu mwenyewe atakukataa," mkewe akasema.

"Na zile nafasi za kuvutia hewa! Theluji laini ikiziba tu, injini inakohoa kama babu yangu."

"Nyepesi! Ifanyeni nyepesi. Nikiizamisha naichimba peke yangu, mgongo umeisha."

"Punguza hiyo mikate, utaona inavyokuwa nyepesi."

Watu wakacheka, Pruitt naye akacheka, anaitika kwa kichwa. Nikatoka jikoni na taulo begani.

"Mimi naomba matundu kwenye mabati ya kukanyagia," nikasema. "Makubwa, yenye meno. Theluji idondoke, kiatu kishike."

Sidhani alinitambua. Nilikuwa nimezeeka, na siku ile ya mazishi hakunitazama usoni.

"Mama yangu," akasema kwa upole, "matundu yanadhoofisha bati. Kwa miaka mingi tumeona kwamba shida haiko kwenye bati. Iko kwenye miguu."

Odell aliweka kijiko chini. Maren, aliyekuwa ameegemea ukuta, akasema, "Basi baada ya kula twende ukatuonyeshe, Bwana Pruitt. Pale Mgongo wa Nguruwe."

"Kwa furaha kabisa!"

Sasa kwetu kuna desturi. Mashine ikikaa kidogo baada ya kukimbia, ile theluji iliyolowa kwenye mabati inaganda. Kwa hiyo kabla ya kuondoka kila mtu anachukua nyundo ya mpira na kugonga mabati yake, kisha anagonga ya jirani yake, awe ndugu au mtu asiyesalimiana naye. Mgeni ndiye anayegongewa kwanza. Hatujawahi kuiacha desturi hiyo hata kwa mtu aliyeiba mke wa mwenzake.

Pruitt alimaliza sahani yake akataka kuinuka. Nikamwekea mkate wa mdalasini.

"Kula, bwana, mlima hauhami."

Akala, akalamba vidole. Nikamwekea wa pili. Nikamletea kahawa, nikamuuliza habari za watoto wake, nikamsikiliza hadi mwisho. Dirishani niliona ule mvuke umekwisha, na maji kwenye mabati yamepata rangi ya maziwa, kisha rangi ya chuma.

"Mama, unanipendelea."

"Sijawahi kumpikia mtu kwa moyo kama huu," nikamjibu, na ulikuwa ukweli mtupu.

Walipotoka, nyundo zikalia uwanja mzima. Kila mtu aligonga yake, akagonga ya jirani. Walipofika kwenye ile mashine mpya, mmoja mmoja wakaipita. Hakuna aliyepanga. Mimi sikusema neno. Odell peke yake alisimama hapo kidogo, nyundo mkononi, akanitazama, kisha akaenda kuwasha yake.

Nikapanda mashine yangu ya zamani yenye kiti kipana, nikawafuata. Tulisimama kwenye bega la mlima, juu ya lile korongo. Maren akatangulia kuukata ubavu, mguu wa kosa mbele, mashine imelala upande kama paka anayejikuna. Akasimama mbele kidogo, akageuka.

Pruitt akamfuata akiwa amesimama kama akili inavyotaka. Mashine ikaanza kugeuza pua kuelekea chini.

"Mguu wa kosa, Bwana Pruitt!" Maren akamwita. "Tanguliza wa kosa!"

Akaubadilisha. Mashine ikanyooka, vizuri kabisa, kwa muda wa kumeza mate. Kisha kiatu kikaondoka juu ya ile barafu kana kwamba kimesukumwa. Mashine ikateleza chini na yeye, ikagota kwenye kimsonobari chembamba kilichojishikiza ukingoni mwa korongo. Kile kikamba kinachofungwa kwenye koti la mwendeshaji ili akianguka kizime mashine kikachomoka, injini ikanyamaza. Kwa hiyo tulisikilizana vizuri sana.

Alikuwa ananing'inia kwenye mshipi wa kushikia ulio katikati ya usukani, miguu inatafuta mahali.

"Kamba! Nirushieni kamba!"

Maren alikuwa nayo tayari mkononi. Akanitazama.

"Bwana Pruitt," nikasema, "ulitanguliza mguu gani?"

"Nini?"

"Mguu. Upi?"

"Mama, nakufa hapa!"

"Naona. Upi?"

"Wa kosa! Huyu binti kaniambia wa kosa!"

"Basi umekosea mguu. Pole sana. Maren, kunja kamba, kahawa inapoa."

Maren akaanza kuikunja, taratibu, duara juu ya duara. Kile kimsonobari kikalia *tek*.

"Thora," Odell akaninong'oneza, "Thora, jamani."

"Wewe nyamaza."

"Si mguu!" Pruitt akapiga ukelele. "Mguu uko sawa! Ni bati! Limejaa barafu, hata malaika angeteleza!"

"Sema tena. Walio nyuma hawajasikia."

"Ni bati!"

"Na Halden Lindquist?"

Hapo ndipo aliponitambua. Niliona uso wake ukibadilika, hata kwa umbali ule. Nikamngoja; kungoja ndiyo kazi ninayoijua.

"Hakukosea," akasema. "Nilijua. Huyu Odell aliniambia siku ileile. Nilijua."

Ningependa kuwaambia moyo wangu ulilainika. Haukulainika. Nilikitazama kile kimsonobari, mizizi yake inachomoza mmoja mmoja kama meno ya mzee, nikaona kwamba ningeweza kukitazama hivyo hadi jioni. Mimi sikusema "rusha". Maren ndiye aliyerusha. Alirusha kamba bila kuniuliza, akaifunga kwenye mashine yake, akamvuta hadi kwenye bega la mlima, na hakumpa mkono wa kuinukia.

Ile mashine ikaenda korongoni. Tuliisikia ikigonga mwamba mmoja baada ya mwingine, kila mtu kofia mkononi. Walimvulia Halden kofia upya.

Aliyasema hayo tena ukumbini, mbele ya wote, na safari hii yeye ndiye asiyekuwa na sahani. Mikate ilikuwepo. Sikumpa. Bondeni sasa hakuna asemaye "amefanya Halden", ila kwa mtu aliyesimama vizuri kwenye ubavu mgumu.

Theluji ilipoyeyuka Maren alishuka korongoni akanibandulia bati moja la ile mashine, limekunjika, bado lina rangi yake nzuri. Nimelipigilia misumari mlangoni pa ukumbi. Ndipo tunapofutia viatu.

Juzi Pruitt alirudi na mashine ya mwaka huu. Mabati yake yana matundu makubwa, yenye meno. Nilitoka na unga mikononi, nikamkuta mlangoni, kofia kifuani.

"Futa miguu," nikamwambia.

Akalitazama bati. Akainua mguu mmoja, akaushusha. Akainua mwingine, akaushusha.

"Nianze na upi, mama?"

Upepo ulikuwa mkali hapo nje, naye hakuvaa glavu.

"Fikiri vizuri, bwana," nikasema. "Mikate bado inaumuka."