Nikilegeza Ataondoka

Nilikuwa nimeshaaga, begi begani, nakata kona ya barabara, niliposikia mpwa wangu akipiga kelele juu ya ghorofa: "Mama, legeza kamba!"

Dada yangu na binti yake ni wapaka rangi wa maghorofa. Anayepaka hukaa kwenye kibao kinachoning'inia. Kamba hupita kwenye kapi la juu, ikashuka hadi kwa mwenzake wa chini, naye huizungusha kwenye nguzo ya chuma na kuilegeza kidogo kidogo. Wa juu huuliza, "Upo?" Wa chini hujibu, "Nipo." Shemeji yangu alipaka hivyo tangu ujana, dada yangu kashika kamba, na hakuanguka hata siku moja. Homa ndiyo iliyomchukua, kitandani kwake.

Tangu mazishi dada hakulia. Alifoka kwa sababu ya kijiko kuanguka. Alipika akasahau kula. Binti akichelewa dukani, yeye alitapika kwa hofu. Nikajisemea yatapita. Mimi ni mtu wa njia. Nyumba yenye msiba huniwasha nyayo.

Nikarudi mbio. Dada alikuwa amejifunga kamba kiunoni, fundo juu ya fundo, macho kafumba. Upepo ulikuwa unakibamiza kibao ukutani, na kule juu kamba ilikuwa inasagika kwenye ukingo wa zege. Nyuzi zinafumuka, naziona.

"Dada, mlegezee mtoto."

"Nikilegeza ataondoka, kaka. Nyote mnaondoka."

Nikaishika kamba nyuma ya nguzo kwa mkono mmoja, na mwingine nikahangaika na mafundo. Hayakufunguka.

"Mjomba!" binti akaita. "Maisha yako yote hukai mahali! Leo ukihama hapo, nakuangukia kichwani!"

Uzi mwingine ukakatika. Kisha binti akauliza kwa sauti ya kazini, taratibu: "Upo?"

Suruali yangu ililowa, sioni haya kusema.

"Upo, mama?"

"Nipo," mdomo wa dada ukajibu wenyewe, na vidole vyake vikaanza kufungua vilichokifunga.

Tukamshusha shubiri kwa shubiri. Alipokanyaga lami, mama yake alimzaba kofi, kisha akalia mpaka wapita njia wakasimama.

Kamba ile tuliichoma. Binti anapaka na kikundi kingine, juu vilevile. Dada anachanganya rangi dukani. Bado anaogopa, ila analala. Mimi nilikaa mpaka mvua zikaisha, nikaondoka.