Ulingo wa Melchior

Ulingo ule wa kuvizia wanyama ulimlia Melchior Jumamosi tatu. Nguzo nne za msonobari, ngazi ya vidato saba, na ubao wa kukalia alioupiga msasa mpaka ukateleza. Alikuwa dereva wa basi, Mrundi aliyehamia Jakobsberg, Uswidi, na mtihani wa uwindaji alikuwa ameufeli mara moja kabla ya kuupata. Sasa alikuwa na bunduki, kofia ya rangi ya chungwa, na kibali cha kuwinda katika msitu wa serikali.

Wiki ya kwanza ya Oktoba alifika kunapambazuka, akakuta mtu amekaa juu. Mama wa makamo, kajifunga kitenge juu ya koti la baridi, anakunywa chai.

"Hodi," alinong'ona Melchior, maana msituni hata ugomvi hunong'onwa.

"Karibu, papa. Lakini nafasi ni moja."

Kwa lafudhi, na kwa kuitwa "papa" badala ya baba, alimjua: Mkongo wa Bukavu.

"Mama, huo ulingo ni wangu. Jina langu liko kwenye nguzo."

"Nimelisoma. Mwandiko mzuri." Akajimiminia tena. "Mimi ni Célestine, napika shuleni kule Spånga. Kibali chako kinasemaje juu ya ulingo?"

Melchior alijua kinavyosema: ardhi ni ya umma, wa kwanza kufika ndiye anayekaa.

"Kuna sheria, na kuna adabu," alisema. "Mwenye mkeka akija, mgeni husogea."

"Mwaka jana nilijenga wangu ng'ambo ya bwawa. Nikakuta mtu kaukata miguu kwa msumeno. Tangu hapo sijengi, papa. Nakaa."

Hasira ilimpanda Melchior, na aibu ikamfuata nyuma, kama vile msumeno ule ulikuwa wake.

"Basi nitakaa kwenye kisiki kile, nyuma yako. Usipige risasi huko."

"Sipigi. Na weye usipige huku."

Alikaa, suruali ikalowa, akamlaani kimoyomoyo. Jua likachomoza. Akamwona Célestine anakinga macho kwa kiganja, anageuka huku na huku kama mtu aliyemulikwa taa. Na wakati huohuo, kando kabisa, mbali na mgongo wa Célestine, kulungu mdogo wa Kiswidi akatoka taratibu kwenye vichaka. Melchior alipiga risasi moja tu. Mnyama akaanguka palepale.

Célestine alitoa risasi bundukini, akashuka, akaja kumpa mkono huku akicheka.

"Nikwambie ukweli? Leo asubuhi yangu ya tatu pale, sijaona hata sungura. Umejenga ukitazama mashariki, jua lote linaingia machoni!"

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuja na habari za mkeka."

Melchior alicheka mpaka akashika mti. Walimchuna mnyama pamoja, na kisu cha mama yule kilikwenda kasi mara mbili ya chake. Melchior akampa paja zima na maini.

Jumamosi iliyofuata waliung'oa ulingo, wakausogeza hatua thelathini na kuugeuza. Kisha wakagawana zamu: Jumamosi ya Célestine, Jumapili ya Melchior. Walikwisha kupeana mikono ndipo Melchior akakumbuka kwamba Jumapili anaimba kwaya.