Vitumbua vya Shavu Moja

Asubuhi ile, mlango wa ofisi ya usajili wa biashara pale Mansa ulipofunguliwa, foleni ilikuwa imeshajipanga, na karibu nusu yake ilikuwa mawe. Hilo halikuwa jambo la ajabu. Mtu ana biashara yake sokoni, hawezi kushinda kutwa chini ya upenu akingoja kuitwa, kwa hiyo huweka jiwe mahali pake na kwenda zake kuuza. Foleni ikisogea, aliye nyuma hulisogeza jiwe kwa mguu, taratibu, bila kulipiga teke, maana jiwe ni mtu. Kulitoa jiwe la mwenzio ni ukosefu wa adabu ambao Mansa hatujapata kuusikia, na sisi kasoro zetu si haba.

Jiwe lililokuwa mbele kabisa siku hiyo lilikuwa la Bana Chisha, yaani mama yake Chisha. Lilikuwa jiwe la figa, lenye masizi upande mmoja, na kila mtu alilijua. Bana Chisha mwenyewe alikuwa marehemu. Aliondoka kwa kichomi, baada ya kunyeshewa papo hapo kwenye foleni, chini ya lile bati la upenu lenye tundu. Watu wa foleni walikwenda kumzika, wakamlilia, wakala ugali wa matanga, wakarudi. Foleni iliposogea wakalisogeza jiwe lake kama kawaida. Hakuna aliyewaambia waache.

Si kwamba hakuwahi kufika dirishani alipokuwa hai. Alifika. Mara ya kwanza aliambiwa fomu zimebadilika. Mara nyingine picha yake ilikuwa na kivuli, na mara nyingine tena mwenye muhuri alikuwa ameenda msibani. Kila akirudishwa alianza mwisho wa foleni, kwa jiwe lile lile, alilolitoa jikoni kwake siku aliyokosa jingine la karibu.

Binti yake, Chisha, alikuwa nyuma sana, usawa wa mpera wa pale uani, na kipande cha tofali. Mgongoni alikuwa na mwanawe wa kike, Nkandu, aliyezaliwa bibi yake akiwa ameshazikwa. Chisha alikaanga vitumbua, vile vya kwetu vya unga wa ngano vinavyozamishwa kwenye mafuta, mahali pale pale mama yake alipokaangia, lakini jiko lilikuwa na mafiga mawili na kopo la rangi, kwa sababu figa la tatu lilikuwa kwenye foleni. Karai liliinama. Mafuta yalikimbilia upande mmoja, na kila kitumbua kikatoka kimevimba huku na kunywea kule, kama mtu mwenye jino bovu. Wateja waliviita vya shavu moja. Walivicheka na kuvila, na ukiwaambia wakanunue kwingine walinuna.

Sasa halmashauri ilikuwa imejenga soko jipya lenye paa, hapo hapo penye jiko la Chisha. Mwenye cheti cha biashara angepewa meza ndani. Asiye nacho angehamishiwa nyuma ya kiwanja cha mpira, mahali ambapo hapiti mtu, mbuzi tu, na mbuzi hanunui. Mwisho wa kuonyesha cheti ulikuwa siku hiyo, ofisi za halmashauri zikifungwa. Chisha alipima kwa macho kutoka tofali lake mpaka dirishani akajua hafiki, siku hiyo wala mwezi huo. Moyo ulimuuma. Mahali pale ndipo alipojifunzia kutambaa, kando ya karai la mama yake.

Jioni iliyotangulia alikuwa amekwenda makaburini. Alichuchumaa, akapiga makofi ya adabu, akamwambia mama yake kwamba kesho zamu yake inafika. Hakuomba kitu. Alimwambia vile unavyomwambia mtu aliye chumba cha pili kwamba maji ya kuoga yamechemka.

Karani, Bwana Mumba, alichungulia dirishani akaita mwenye jiwe jeusi. Hakutokea mtu. Akaita tena. Watu waligeuka kumtazama Chisha, na Chisha akanyanyua mguu mmoja. Aliyekuwa nyuma ya lile jiwe ni Bashi Lombe, yaani baba yake Lombe, seremala wa majeneza, mtu mzima mwenye huruma kupita wote mjini, na hata yeye alitikisa kichwa. Jiwe halina mrithi. Ukianza kurithisha mawe, alisema, kesho watu watayauza. Chisha akaurudisha mguu chini.

Bwana Mumba alikuwa ameshafungua kinywa kumwita anayefuata, ndipo Bana Chisha akatokea kwenye kinjia cha nyuma ya zahanati, amevaa kitenge cha maua ya zambarau alichozikwa nacho, miguu imejaa udongo mwekundu. Hakuharakisha, lakini hakuzubaa pia. Foleni nzima ilimpigia makofi ya salamu, naye akaitika kwa kuinama kidogo, huku na huku.

"Samahani, bwana karani," akasema. "Huko njiani matope matupu."

Bashi Lombe alimpisha. Kwa kuwa ni fundi, na fundi hapati kila siku mtu wa kumuuliza, alitaka kujua kama kazi yake ilimkaa vizuri.

"Mabegani panabana," akasema Bana Chisha. "Ulinipima nimejikunja na homa."

Bashi Lombe aliomba radhi. Alisema mbao zilikuwa shida msimu ule. Bana Chisha akamwambia yameisha, asijali, amepazoea.

Kisha akatupa macho mpaka kwenye mpera. Chisha alikuwa ameshika shina la mti kwa mkono mmoja. Alitaka kukimbia amkumbatie, lakini angeondoka kwenye tofali lake wakati foleni inasogea, na mama yake mwenyewe ndiye aliyemkataza jambo hilo tangu mdogo. Alilia amesimama hapo hapo.

"Ndiye huyo?" mama akauliza kwa sauti ya kufika.

Chisha akageuka ili mgongo uonekane. Nkandu alikuwa macho, anatafuna ncha ya mbeleko.

"Mfunike kichwa," akasema Bana Chisha. "Mtoto wa watu manyunyu yote yanamwishia yeye."

Pale dirishani mambo yalikwenda vizuri. Bana Chisha alifungua fundo la kitenge akatoa kitambulisho, picha isiyo na kivuli, na fomu, ambayo kwa bahati haikuwa imebadilika tena, maana ndani ya jeneza lake walimwekea alichokuwa anakihangaikia. Bwana Mumba aliilinganisha picha na uso akasema amekonda. Bana Chisha akakubali. Mahali pa anwani ya kudumu aliandika makaburini, ng'ambo ya kijito, safu ya nyuma. Bwana Mumba alipasoma akaonekana ameridhika. Wengi wa wateja wake walikuwa wapangaji, leo hapa kesho pale, na ilikuwa ikimsumbua kweli.

Jina la biashara ndilo lililokawiza. Bana Chisha alitaka iitwe Bana Chisha na Mwanawe. Bwana Mumba alieleza kwamba hii ni fomu ya biashara ya mtu mmoja, na mwana ni mtu wa pili. Akataka Vitumbua vya Mama, lakini jina hilo lilikuwa limeshachukuliwa na mwanamume mmoja wa Samfya. Foleni ikaanza kupendekeza. Bashi Lombe akasema mbona jina lipo, mji mzima unalitumia. Ndivyo ilivyoandikwa: Vitumbua vya Shavu Moja.

"Shavu moja kwa nini?" akauliza Bana Chisha. Alikuwa ameondoka kabla jina halijashika.

"Jiwe lako, mama," wakamwambia. Alilitazama, akaelewa, akacheka mpaka akashika kizingiti cha dirisha.

Likabaki suala moja. Bwana Mumba alikuwa mtu wa sheria, hakuwa mtu mbaya, na sheria ilisema kwamba biashara ya mtu mmoja hufa pamoja na mwenyewe. Akavaa miwani akapitia kile kifungu.

"Mama, wewe ulifariki baada ya kusajiliwa?"

"Kabla."

"Una hakika?"

"Muulize fundi."

Bashi Lombe alithibitisha kuwa ilikuwa kabla. Bwana Mumba akasema basi kifungu hicho hakimhusu, kwani kinasema juu ya wanaokufa baadaye. Akapuliza muhuri, akaugonga. Kazi yote iliisha kabla chai ya Bwana Mumba haijapoa.

Hapo ndipo Chisha alipoliacha tofali lake, adabu au si adabu, akaja mpaka dirishani. Hakupaza sauti. Nadhani angepaza ingekuwa rahisi zaidi kwa Bwana Mumba.

"Bwana karani, mama yangu alikufa anangoja hicho. Kumbe ni kugonga tu?"

Bwana Mumba alivua miwani. Alimtazama Chisha kwa upole, kwa sababu alimpenda Bana Chisha na alikula vitumbua vyake tangu akiwa shule.

"Siku zile," akasema, "zamu yake ilikuwa haijafika."

Alisema kweli. Chisha akakichukua kile cheti. Mama yake akamshika mkono, na mkono ule ulikuwa wa baridi na wenye chembe za udongo, lakini ulikuwa ule ule, na kidole chenye kovu la mafuta kilikuwa mahali pake.

"Twende, mwanangu," akasema. "Halmashauri watafunga."

Walifika kabla hawajafunga. Meza waliyopewa ilikuwa hatua chache tu kutoka lilipokuwa jiko la zamani, na figa likabebwa likarudi kwa wenzake. Kwa kuwa cheti kilikuwa cha Bana Chisha, na mkaguzi angeweza kupita wakati wowote kumtafuta mmiliki, ikabidi mmiliki awepo. Alifika kila alfajiri kabla unga haujaumuka, na alirudi kwake jua likizama. Hakula, lakini alionja. Alilalamika kwamba Chisha anamwaga sukari kama vile miwa inaota jikoni, akamrekebisha kukanda, akamrekebisha kufunga kilemba. Waligombana asubuhi nzima juu ya chumvi. Chisha, aliyekuwa amelia miaka kwa kumkosa mtu huyu, alijikuta akimkasirikia kabisa ifikapo saa nne, na alikuwa na furaha hata akaona aibu. Nkandu alizoea kulala kwenye mapaja ya bibi yake siku za joto, kwa vile palikuwa na ubaridi mzuri.

Tatizo lilikuja kwa wateja. Karai lilikuwa sasa limekaa sawa juu ya mafiga matatu, na vitumbua vilitoka mviringo kamili, vimeiva pande zote. Watu walivigeuzageuza mkononi. Walisema ni vizuri, lakini hawakurudi kuongeza. Hata Bwana Mumba, alipokuja mapumziko ya mchana, alikitazama chake, kisha akamwambia Bana Chisha, kirafiki tu, kwamba bidhaa inatakiwa ifanane na cheti.

Chisha alisema atachimba sakafu chini ya figa moja. Mama yake aliacha kufuta meza. Alikuwa anamtazama Nkandu, ambaye siku hiyo alikuwa amesimama mwenyewe kwa mara ya kwanza, ameshika ukingo wa meza.

"Hili jiwe lirudi foleni," akasema.

"La nani tena, mama? Langu si lipo, lile tofali?"

"La huyu. Lako nalo liache, huwezi jua. Mimi nimepata nimeshakufa. Wewe sijui. Huyu nataka apate yungali hai."

Chisha alitaka kubisha, akapiga hesabu kichwani ya mpera na dirisha, akaacha. Jioni walifunga meza mapema wakaenda wote watatu, Chisha amekumbatia lile figa likiwa bado na vuguvugu. Mvua ilikuwa inanyesha. Walipita chini ya upenu, na maji yalikuwa yanachuruzika kwenye tundu lile lile la bati, juu ya kijana wa kuuza mkaa ambaye hakuwa na jiwe na alikuwa anakohoa. Bana Chisha alisimama akamvuta pembeni kidogo. Wakaendelea kuutafuta mwisho wa foleni. Ulikuwa umepita mpera. Ulikuwa umetoka nje ya ua, ukashuka na kinjia cha nyuma ya zahanati, ukavuka kijito kwenye lile daraja la magogo. Waliufuata, jiwe baada ya jiwe, hapa na pale mtu amejikunyata na mwavuli, wakisalimu kila mmoja.

Jiwe la mwisho lilikuwa kwenye lango la makaburi. Chisha akaweka figa nyuma yake, Nkandu akalipapasa kwa viganja vyote viwili akavipaka masizi.

"Mbali hivi, mama," Chisha akasema. "Nani atakuwa analisogeza?"

"Si ni njiani kwangu?" akasema Bana Chisha. "Nitalisogeza nikirudi jioni."

Akamfuta mjukuu wake mikono kwa ncha ya kitenge, akamwambia Chisha asisahau kuloweka hamira, kisha akalisukuma lile jiwe kidogo kwa mguu, kwa vile la mbele yake lilikuwa limesogea.