Funga Isiyo na Nia

Mwanaima alikuwa akikaanga mahamri kibarazani pake, Tiwi, tangu zama ambazo njia ya kushukia ufuoni ilikuwa mchanga mtupu. Unga aliukanda jioni kwa tui na iliki, akaufunika kanga kuukuu, ukalala ukiumuka polepole kama kitoto kinachovuta pumzi. Alfajiri, waumini wakiwa safuni, yeye alikuwa ameshatia mafuta karaini. Hamri la kwanza likitumbukia na kuanza kuvimba, harufu yake ilitoka uani, ikapita chini ya milango, ikaingia hata ndani ya vyandarua walimolala watu. Watu wa mtaa ule walikuwa na utani wao: adhana huamsha roho, Mwanaima huamsha tumbo.

Kisha vitu vikaanza kupanda bei, na vikishapanda havishuki. Hakuna aliyekuja kibarazani akasema kwamba maisha yamemshinda. Watu wa pale wana haya. Lakini mikono yao ilisema. Aliyekuwa akija na bakuli la mbaazi alianza kuja na kikombe. Mama mmoja aliyezoea kumnunulia kila mtoto hamri lake sasa alinunua machache, akaenda kuyagawa kwa uzi, maana kisu humwaga makombo. Wengine walisema, "Nimwagie rojo tu leo, tumbo si zuri." Mwaka ule matumbo mengi hayakuwa mazuri.

Mwanaima naye alikuwa na haya zake. Bei hakuipandisha. Alipunguza donge. Kila alipotoka dukani kupimiwa mafuta, alirudi akausukuma unga mwembamba zaidi, akaukata vipande vidogo zaidi, na alipowapa watu mahamri yao aliangalia pembeni. Wao pia waliangalia pembeni. Ni Beryl peke yake aliyesema. Beryl alikuwa msichana kutoka bara, mpangaji wa chumba cha uani, aliyekuwa akifua mashuka katika hoteli moja ya Diani.

"Mathe," alisema asubuhi moja akilipindua hamri mkononi, "hizi zimekonda kuniliko."

"Kula, mwanangu," Mwanaima akamjibu. "Ukitafuna polepole litakuwa kubwa."

Beryl alicheka, akatafuna polepole. Kweli, halikuisha haraka.

Lililomshangaza Mwanaima zaidi ni harufu za mtaa. Zilikuwa zikirudi nyuma. Mitungi ya gesi ilinyamaza, na moshi wa kuni, uliokuwa umepotea miaka mingi, ukaanza tena kutambaa juu ya mapaa jioni. Wasichana waliacha mafuta ya kopo yenye manukato, wakajipaka mafuta ya nazi, hata Beryl, na walipopita kibarazani walinuka kama shangazi zake Mwanaima walivyokuwa wakinuka alipokuwa mdogo. Sabuni ya unga ikawa adimu, watu wakarudi kwenye sabuni ya mche. Nguo zilizoanikwa zikawa na harufu ya utotoni mwake. Wakati mwingine Mwanaima alisimama katikati ya uwanja, ndoo mkononi, akahisi kwamba miaka imegeuka na kuanza kutembea kinyumenyume, na kwamba akingoja kidogo tu mamake, aliyezikwa zamani, atatokea kwenye kona akitoka kisimani na kumuuliza kwa nini hajafagia. Hakuogopa. Alingoja. Kisha mtu alimwamkia, "Shikamoo, Bi Mwanaima," akaitikia marahaba, na miaka ikageuka tena.

Katika wateja wake wote, aliyemheshimu zaidi alikuwa Maalim Abdulaziz. Alikuwa amefundisha madrasa watoto wa mtaa mzima, akiwemo Mwanaima mwenyewe, na sasa aliishi peke yake katika nyumba ya mawe yenye minazi mirefu nyuma yake. Kila asubuhi alikuwa akitoka msikitini na kuja moja kwa moja kibarazani, kanzu ikiwa imenyooka, akala akiwa ameketi, akashukuru, akaondoka. Kisha akaanza kuagiza kidogo. Baadaye akawa anaagiza hamri moja bila mbaazi. Halafu Jumatatu moja akapita bila kuketi.

"Leo nimefunga, Mwanaima."

"Allah aikubali, Maalim."

Jumatatu na Alhamisi ni funga za sunna, na wala halikuwa jambo la kushangaza kwa mtu kama yeye. Lakini akafunga Jumanne pia. Akafunga Jumatano. Na si yeye peke yake. Wazee wawili watatu zaidi wakaanza kupita wakiinua mkono na kusema wamefunga. Mtaa ulionekana umeingia Ramadhani ya peke yake, ambayo mwezi wake haukuandama.

Mchana mmoja, jua likiwa kali, Mwanaima alikata njia ya nyuma kwenda kuchuma mchicha. Alimwona Maalim ameinama kwenye bomba la maji nyuma ya nyumba yake. Alikuwa akinywa. Alikunywa sana, akapumzika, akanywa tena, kama mtu anayejaribu kujaza mfuko mkubwa. Mwanaima alijirudisha nyuma ya ua wa makuti kabla hajaonekana. Aliingojea miguu ya mzee iondoke, na wakati wote huo moyo wake ulikuwa ukidunda kana kwamba yeye ndiye aliyefumaniwa. Mchicha hakuchuma. Alirudi nyumbani mikono mitupu, na hata Iddi, mumewe, hakumwambia alichokiona.

Wiki iliyofuata mafuta yakapanda tena. Mwenye duka alimpimia chupani kwa uangalifu, na yule naye aliangalia pembeni. Mwanaima aliinua chupa, akaitazama dhidi ya mwanga, akaona jinsi yalivyo machache. Jioni ile hakukanda unga.

Iddi alikuwa akijiandaa kwenda kazini. Alikuwa mlinzi wa usiku katika nyumba za wageni ufuoni.

"Hukukanda?" aliuliza.

"Nitapumzika."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Nimechoka kuwauzia watu haya."

 Iddi akachukua tochi yake, akasema, "Basi pumzika, mke wangu," akaenda.

Alfajiri Mwanaima aliamka saa ile ile, maana mwili hauna habari ya bei. Alisali, akarudi kitandani, akalala chali akiyasikiliza majogoo. Alingoja milango ifunguliwe. Haikufunguliwa. Alingoja vikohozi vya wanaume, ndoo kugongana, watoto kugombania kandambili. Kimya. Mwanga ulipenya kwenye makuti, kwanza wa buluu, kisha wa maziwa, kisha wa dhahabu, na bado mtaa mzima ulikuwa umelala kama kitu kilichozama chini ya maji safi. Waliokwenda msikitini walirudi wakajinyoosha kidogo, wakingoja kile kinachowainua kila siku, na walipokuwa wakingoja usingizi ukawachukua. Kuku waliingia majumbani, wakatoka. Upepo ulizungusha jani moja kavu uwanjani, ukaliacha.

Iddi ndiye aliyekuwa wa kwanza kuuona mtaa katika hali ile. Alisema baadaye kwamba alipopanda kutoka ufuoni alidhani amepotea njia. Nyumba alizijua, miti aliijua, lakini mahali hapo palikuwa na kasoro asiyoweza kuitaja, na alipita katikati yake akinyata bila kujua kwa nini, hadi alipofika kwake na kulikuta karai limefunikwa kifudifudi.

Jua lilikuwa limeshapanda Beryl alipogonga mlango, viatu mkononi, nywele hazijachanwa.

"Mathe! Gari ya wafanyakazi imeniacha! Kwani leo kulikuwa na nini? Uko mgonjwa?"

"La, mwanangu. Mafuta yamenishinda."

Beryl akakaa kizingitini. Hakulalamika tena. "Mimi nimeota niko kwetu," alisema kwa upole. "Nyanya yangu ananiambia lala tu, hakuna kitu ya kuamkia."

Watu wakaanza kuja mmoja mmoja, macho mazito, kanga zikiwa zimefungwa upande. Watoto wa shule walipita wakikimbia na mikate mitupu midomoni. Kuna walionung'unika kwamba angewaambia mapema. Wengine walimpa pole kama waliofiwa. Mwanaima aliwajibu wote kwa maneno yale yale, na wote walitikisa kichwa, maana mafuta yalikuwa yamewashinda wao pia.

Maalim Abdulaziz alikuja wa mwisho. Kanzu yake safari hii haikunyooka. Alisubiri watu wapungue, kisha akaketi pale alipokuwa akiketi zamani.

"Leo nimeamka sijui niko wapi," alisema. "Nimedhani nimekufa, Mwanaima, na kwamba kaburi lina dirisha."

"Usiseme hivyo, Maalim."

"Usiache kukaanga."

Mwanaima alikuwa ameinamia sinia akipepeta mchele uliokuwa umeshapepetwa. "Nikikaanga nitamuuzia nani? Nusu ya mtaa mmefunga."

Neno lilikuwa limeshamtoka. Alitamani alikamate alirudishe ndani.  Maalim aliitazama mikono yake, mikubwa, yenye mishipa, mikono iliyowashika wao wote vidole juu ya herufi. Kisha akacheka kidogo, cheko lisilo na sauti.

"Kuna funga isiyo na nia," alisema. "Mtu halali nayo, anaamka tu akaikuta. Hiyo sijui kama ina thawabu. Sikuwahi kufundishwa."

"Nilikuona kwenye bomba," Mwanaima akasema polepole. "Nisamehe. Sikutaka kuona."

"Nilijua kuna mtu nyuma ya ua. Kanga zako hazijui kujificha, zina maua makubwa."

Wakacheka wote wawili, na walipomaliza kucheka macho ya Mwanaima yalikuwa yamelowa. Harufu ya kuni ilikuwa ikija kutoka nyumba ya jirani, na ya nywele za Beryl, aliyekuwa bado kizingitini, zilizopakwa nazi. Mwanaima alivuta pumzi. Tena ile hali ilimjia ya miaka kugeuka, lakini mara hii hakuna aliyemwamkia kuivunja, akaifuata. Alimwona mamake uani ameketi juu ya mbuzi, akikuna nazi, chungu kikubwa mekoni na tui likichemka hadi linatengana, mafuta yakielea juu, mang'avu, na yeye mtoto akikatazwa kutia kidole.

"Maalim," alisema, "zile nazi zako unazifanyia nini?"

"Zinaanguka tu. Madalali wanataka kuzichukua bure. Zinaota huko nyuma."

"Mamangu hakuwahi kununua mafuta dukani."

Beryl akainua kichwa.

Wakazikusanya siku ile ile. Iddi aliacha usingizi wake akafua nazi kwa kifuo hadi mikono ikamuuma. Wanawake walileta mbuzi zao, nyingine zikiwa na buibui miguuni, wakaketi uwanjani wakakuna na kukamua, na mazungumzo yakaanza kwa shida halafu yakakosa breki. Mmoja alisema kwamba nyumbani kwake chai ya pili hutengenezwa kwa majani ya ile ya kwanza. Mwingine akasema, "Kumbe na wewe?" Beryl alikiri kwamba mashuka ya hotelini yana harufu nzuri kiasi kwamba siku nyingine hujifunika nayo usoni kidogo kabla ya kuyaanika, kwa sababu sabuni ile yeye hawezi kuinunua tena. Hakuna aliyecheka. Tui lilichemka mchana kutwa. Mafuta yalipojitenga yalikuwa kidogo kuliko walivyotarajia.

"Hayatoshi kila siku," Mwanaima alisema.

"Basi si kila siku," akajibu Maalim.

Na ndivyo ilivyokuwa. Mahamri yakawa ya Ijumaa. Siku nyingine Mwanaima alipika muhogo kwa tui, na mbaazi, kwa mihogo iliyotoka mashambani mwao wenyewe, na aliyeleta muhogo alikula bila kuulizwa. Harufu ya muhogo haina nguvu ya kuamsha mtaa, kwa hiyo siku hizo watu waliamka kwa shida na watoto walichelewa. Ilibidi Beryl ajiamshe kwa kengele ya simu. Bei dukani hazikushuka. Wapo waliohama kwenda Ukunda kutafuta kazi, na mmoja wa wale wazee waliokuwa wakifunga hakurudi kibarazani, alisema amezoea.

Lakini Ijumaa ya kwanza Mwanaima alisukuma unga kwa unene wa zamani. Mafuta ya nazi yalipopata moto yalitoa harufu nzito, tamu, isiyo kama ile ya awali. Ilitembea polepole zaidi, kama mtu mzima, na milango ilifunguka moja baada ya nyingine kana kwamba inasukumwa na mkono mmoja. Watu walitoka wakasimama nje, wengine macho bado yamefumba.

Maalim Abdulaziz aliketi. Mwanaima akamwekea mahamri na bakuli.

"Bismillahi," akasema mzee, lakini hakuanza. "Na wewe?"

"Mimi nini?"

"Miaka yote hii sijawahi kukuona unakula."

Mwanaima aliwatazama watu waliokuwa wakingoja, akalitazama karai. Ilikuwa kweli. Alikuwa akila baadaye, yaliyopoa, yaliyovunjika, kama yalibaki. Alichukua hamri moja, la moto bado, akaketi kibarazani kando ya mwalimu wake, miguu ikining'inia kama ya mtoto. Alipolivunja, mvuke ulitoka ukamgusa uso. Akala polepole. Watu wakangoja.