Tambara la Gundi

Kumtunza mjamzito? Kyela nzima hakuna anayenifikia. Muulizeni Veronika, mke wa kaka yangu Noah. Mimba yake yote sikumnyima kitu.

Noah alikuwa amepunguzwa kazi bandarini Itungi, kwa hiyo Veronika alishinda nasi kwenye chumba cha nyuma kwa bosi Hezroni, tukibandika soli za viatu vya mitumba. Dirisha lilikuwa moja, nalo limepigiliwa mbao. Alhamisi ile aliomba lifunguliwe.

"Afisa biashara achungulie humo?" bosi akamjibu. "Siku hizi kila kitu ruksa, mama. Hata kurudi nyumbani ruksa."

Hakurudi. Mchele wa Kyela ulikuwa unapanda malori kwenda Mbeya. Kwao walikula mihogo, ikipatikana. Alibandika jozi thelathini, kichwa kinamuuma.

Mwanzoni gundi ilimtapisha. Kufikia mwezi wa tano wa mimba alikuwa anaitafuta mwenyewe.

"Shemeji, nipakie kidogo kwenye tambara," aliniambia jioni ile. "Nikinusa, hata njaa siisikii."

"Mtoto atazaliwa mdomo umebanduka soli," nikamtania, nikampakia. Hamu ya mimba hainyimwi, nani asiyejua? Akanusa, macho yakalegea. "Ndaga, shemeji," akanishukuru.

Kesho yake uchungu ukamshika palepale juu ya viatu, mwezi na nusu kabla ya siku zake. Mimi na Angetile, mwenzetu wa kazini, tukampeleka hospitali kwa baiskeli. Mlangoni wakaturudisha tukanunue glovu na wembe.

Mtoto alitoka mdogo mno, wa kike. Mikono ilimtetemeka licha ya joto lote lile la Kyela. Alilia kwa sauti nyembamba, kali, na titi hakulishika.

Nesi alikuja na faili hadi kwenye benchi letu.

"Mama yake ananusa nini? Petroli? Gundi? Mvuke ule unamfikia mtoto tumboni. Sasa ameukosa ghafla, pengine ndiyo anatetemeka hivi. Semeni kweli, nijue namtibu nini."

Nikamfikiria Noah. Nikamfikiria bosi.

"Hanusi kitu, sista. Anakula udongo tu, kama wajawazito wote."

Nesi akaanza kuandika.

"Mwongo!" Angetile alikuwa bado ameshika kanga ya Veronika, imelowa damu. "Andika gundi, sista. Kutwa nzima tunaivuta, chumba hakina pa kupumulia. Na huyu anampakia kwenye tambara akanusie nyumbani. Jana nilikuwepo. Alikuwa anacheka."

Nikafungua mdomo.

"Vidole vyake hivyo," Angetile akasema. "Vinuse."

Nesi akaweka kalamu chini, akanishika mkono.