Breki za Wekoye

Wekoye ana kichwa ngumu, bana! Sisi waendesha baiskeli wote hufunga breki ya mbele mkono wa kulia. Yeye alifunga ya nyuma huko kulia. Baiskeli yake ilipoibiwa, tulimkuta Kibiwott, mwendeshaji mwenzetu wa Kitale, hapo Ndalu na baiskeli nyekundu kama yake.

"Mwizi!" Wekoye akafoka.

Hakuuliza chochote. Alimpiga na pampu ya chuma mpaka meno yakamtoka. Nilipomshika, akanipasua mdomo na kiwiko, akapanda ile baiskeli, akateremka mbio.

Kwenye kona akakaza breki ya kulia. Gurudumu la mbele likagoma, akarushwa, akaangukia mawe kwa uso.

Nilimfikia akitema damu.

"Nani amebadilisha breki yangu?"

"Hakuna. Hiyo si baiskeli yako, mjinga wewe. Na Kibiwott haamki."