Kosa la Lifti ya Angani

Nimetengeneza lifti za Kairo miaka thelathini na nane, na nilichojifunza ni kwamba lifti haifi yenyewe. Nyuma ya kila lifti iliyokufa kuna mkubwa mmoja ameikalia karatasi.

Mkubwa wangu mimi anaitwa Daktari Mamduh Zanati. Alikuwa mkurugenzi wa hospitali ya umma aliyofia mke wangu Insaf. Chumba cha upasuaji kilikuwa ghorofa ya sita, lifti imekwama chini, na mimi nimesimama mbele yake na mkoba wa vifaa begani. Ilikuwa kazi ya robo saa. Mkurugenzi akasema siigusi bila kibali chenye mhuri. Insaf akapandishwa ngazi kwa ngazi juu ya kiti cha mbao, wanaume wanne wanambeba, kila ghorofa wanapumzika. Sitaandika zaidi ya hapo. Mwaka uliofuata Zanati alipandishwa cheo, maana huko juu ndivyo wanavyolipana.

Kwa hiyo nikikwambia kwamba kwa miaka minne sikutaka kitu kingine duniani ila kumwona Zanati akitafunwa na dubwana la sayari ya mbali, usinicheke. Kwetu sisi jambo hilo linawezekana kabisa.

Sisi ni wasomaji wa vijitabu vya anga vya Ustadh Rushdi Halim, mwalimu wa jiografia mstaafu. Hutoa kijitabu kimoja kila miezi miwili, kidogo cha kutia mfukoni, na juu ya jalada kuna roketi na mwanamke aliyeshtuka. Mimi shule niliiacha darasa la nne. Kusoma hasa nilifundishwa na Insaf, kwa vijitabu hivyohivyo. Alikuwa ananisomea sura tatu, halafu anakifunga na kuniambia, "Ukitaka kujua kama walitoka ndani ya volkano, kitabu hicho hapo." Halafu anaenda kupika. Nilijifunza kusoma kwa hasira.

Basi, mara moja kwa mwaka, Ijumaa baada ya sala, tunakutana nyumbani kwa Dokta Mervat, mwenye duka la dawa, na kufanya kitu tunachokiita Baraza la Makosa. Kila mtu huja na kosa moja alilolikuta katika vijitabu vya mwaka huo. Ustadh Rushdi huketi kwenye kiti cha katikati, akapewa chai, akashtakiwa. Hujitetea kwa ukali kama mtu anayetetea shamba la baba yake. Mwisho tunapiga kura, na mwenye kosa bora hupewa zawadi: anataja jina la mtu mmoja aliye hai, na Ustadh anamtia mtu huyo katika kijitabu kinachofuata, kisha anamuua.

Wagdi, karani wa ofisi ya kodi, ameshashinda mara tatu. Mara mbili alimuua baba mkwe wake: mara ya kwanza ndani ya ziwa la tindikali, mara ya pili kwa mikono ya roboti. Mzee mwenyewe anajivunia mno. Vijitabu hivyo viwili ameviweka sebuleni, na mgeni hanywi kahawa kabla hajaonyeshwa ukurasa.

Mwaka huu nilikuwa na kosa langu. Kijitabu namba themanini na tatu kina lifti inayopanda kutoka jangwani hadi angani juu ya kamba moja ndefu. Haina reli wala mnara, kamba tu. Jambazi anaikata kamba hiyo mita mbili juu ya kibanda cha abiria, watu kumi na wawili wamo ndani, na mstari unaofuata unasema kibanda kimesimama tuli na abiria wanafuta jasho. Kinasimamaje? Breki ya dharura haikutajwa popote. Hata lifti mbovu kuliko zote za mji huu ina breki ya dharura, ila ile tu ambayo breki yake iliuzwa na mkaguzi.

Niliingia kwa Dokta Mervat nimevaa koti la harusi yangu. Mfukoni nilikuwa na karatasi yenye jina la Zanati, na chini yake vifo kumi na vinne, nilivyoviandika kimoja kimoja katika miaka minne.

Wagdi alisimama wa kwanza. Kosa lake lilikuwa zuri, sikatai: kuna sayari inayozunguka kinyume, lakini jua lake linachomoza upande uleule wa kwetu. Ustadh akasema wakazi wa huko wanaita mashariki magharibi. Watu wakazomea kidogo, wakacheka, wakampa keki ya semolina apoze koo.

Kisha nikasimama mimi. Nikaeleza kamba, kibanda, breki. Nilieleza vizuri kwa sababu hilo ndilo jambo pekee ninaloweza kulieleza vizuri. Nikaona Ustadh amekunja uso, nikajua nimempata.

Wagdi akainua kidole. "Ami Gawad, samahani. Ukurasa wa arobaini na saba umeusoma?"

"Nimevisoma vyote, mwanangu."

"Hebu nipe nakala yako."

Nikampa. Akafunua, akanyanyua juu watu wote waone. Baada ya arobaini na sita ilikuwa arobaini na tisa.

"Umenunua wapi?"

"Ezbekiya, kwenye vibanda vya vitabu vikuukuu. Wewe unanunua wapi, ikulu?"

"Basi ukurasa wako umefungia mtu bajia za maharage, Ami. Na wewe hukuona pengo?"

Niliona. Nilidhani Ustadh ameruka tu. Ustadh ana tabia ya kuruka mambo yakipamba moto. Msomaji yeyote wa miaka mingi angedhani hivyohivyo. Nikawaambia, na chumba kizima kikaangua kicheko. Dokta Mervat alicheka mpaka akashika meza, na Ustadh mwenyewe akasema hajawahi kutukanwa kwa adabu namna hiyo.

Mimi sikucheka. Miaka minne, na Zanati ataendelea kupumua kwa sababu ya muuza bajia. Nikaanza kutafuta viatu vyangu mlangoni.

"Kaa, Ami," Dokta Mervat akasema. "Sheria ni sheria. Mshtakiwa ana haki ya kusomewa utetezi wake. Wagdi, soma."

Wagdi akakohoa, akasoma kutoka nakala yake kwa sauti ya mtangazaji wa redio: "Mara breki ya dharura ikatoa meno yake ya chuma, ikaing'ang'ania kamba kwa nguvu zote, na kibanda kikasimama tuli."

Nilikuwa nimeshavaa kiatu kimoja.

"Rudia," nikasema.

Akarudia.

"Ikang'ang'ania nini?"

"Kamba."

"Kamba ipi?"

"Ami, kamba ni moja tu. Umetuambia mwenyewe."

"Ile iliyokatwa?"

Wagdi akatazama kitabu. Akafunua nyuma, akafunua mbele. Wenzangu wakaacha kutafuna.

"Imekatwa juu ya kibanda," nikasema. "Kwa hiyo kibanda kinaanguka, kamba inaanguka, na breki imeikamata sawasawa kamba inayoanguka nayo. Breki inafanya kazi vizuri sana. Wote wanakwenda chini pamoja."

"Kamba ile imefungwa chini jangwani," Ustadh akasema, sauti imepungua. "Kwa nguzo nene."

"Ustadh, umewahi kuona kamba inasimama yenyewe kama mtende?"

"Katika kijitabu namba kumi na mbili—"

"Yule alikuwa nyoka," watu watatu wakasema kwa pamoja.

Hapo ndipo chumba kilipopasuka kwa kicheko. Mzee mmoja alimwaga chai. Nikaongeza, kwa kuwa ulimi wangu haujui kukaa, kwamba ndivyo tulivyo sisi na serikali: tumeng'ang'ania kwa meno kitu walichokwisha kukikata huko juu.

"Siasa nje, Ami," Wagdi akasema akijifuta machozi. "Mimi mtumishi wa umma, na nina watoto."

Nilishinda kwa kura kumi na tatu. Wagdi alinipigia mimi. Alisema kosa lake ni kosa, lakini langu ni kosa lililotetewa kwa kosa, na jambo hilo halijapata kutokea tangu baraza lianze.

Ustadh akatoa kalamu. "Haya, Fundi. Tumuue nani?"

"Daktari Mamduh Zanati."

"Amekukosea nini?"

Nilikuwa nimejiandaa kusema yote: tarehe, saa, ghorofa, mhuri. Mdomo ulipofunguka yalitoka maneno machache tu.

"Alinizuia kutengeneza lifti."

Dokta Mervat alimjua Insaf. Ndiye aliyekuwa akimuuzia dawa za presha. Aliinamisha kichwa, na wengine wakamtazama, wakaelewa bila kuambiwa. Hakuna aliyesema pole. Nilimshukuru kila mmoja kimoyomoyo, kwani pole nimezisikia za kutosha.

Ustadh akaandika jina polepole. Akauliza kama mtaalamu, bila kuinua macho, "Mrefu au mfupi?"

"Mfupi. Anavaa viatu vya kisigino."

"Masharubu?"

"Anayo. Ameyapaka rangi."

"Vizuri sana. Masharubu yatasalia." Akaandika na hilo. "Afe vipi?"

Nikaikunjua karatasi yangu. Nikasoma kifo cha kwanza kimoyomoyo, nikasoma cha pili. Vilikuwa virefu, na vyote viliandikwa na mtu aliyekuwa na maumivu. Nikaikunja tena.

"Wewe ndiye fundi wa kazi hiyo," nikasema. "Mimi wa lifti."

Ustadh akatazama dari, akafikiri. "Ukurasa wa thelathini na moja," akasema. "Anakagua bustani ya kwenye mwezi. Anakataa kuwapa wakulima kibali cha kumwagilia. Analiwa na bamia."

"Bamia?"

"Bamia kubwa. Urefu wa mita tisa. Ina utelezi."

Sijui ni nini kilichonipata. Nilianza kucheka nikiwa nimesimama na kiatu kimoja, nikakaa chini, nikaendelea. Nilimwona Zanati na visigino vyake akiteleza ndani ya bamia, taratibu, masharubu mwisho. Mbavu ziliniuma. Tangu Insaf aondoke nilikuwa nimebeba kitu kifuani kizito kama mashine ya lifti, na pale sakafuni kwa Dokta Mervat nilipumua mpaka chini kabisa, nikashangaa kwamba nafasi bado ipo.

Wagdi akanishika mkono, akaniinua, akaniletea sahani ya keki.

"Lakini Ustadh," akasema, "bamia ya mita tisa itapata wapi maji mwezini, kama mkurugenzi amekataa kibali?"

"Inakunywa jasho la wakulima."

"Mwezini jasho linaganda," akasema Dokta Mervat.

"Wana mavazi ya anga," nikasema mimi, mdomo umejaa. "Jasho linabaki ndani ya mavazi. Haliwezi kufika kwenye mizizi."

Ustadh Rushdi akaweka kalamu chini, akatukodolea macho. "Kijitabu hata sijakiandika," akasema, "na mmeshanishtaki."

"Utakuwa na mwaka mzima wa kujitetea," nikamwambia, nikavua kile kiatu kimoja, nikaomba chai nyingine.